Pete ya Mwisho ya Kobalti

Kwa jina la Mola aliyemlainishia Daudi chuma.

Kiwandani walikuwa wawili: Bi Koleo, fundi wa tanuri, na mjomba wake aliyemfunza kazi. Pete mbili za aloi ya kobalti, mchanganyiko mgumu wa metali, zilikuwa zimepasuka kwa kufuliwa mfululizo bila kurudishwa motoni. Hii ya mwisho, Bi Koleo aliirudisha motoni kila baada ya mapigo kumi.

"Unafua au unapika?" mjomba alimcheka.

Bi Koleo akaitumbukiza majini ikiwaka manjano. Maji yakanguruma. Ilipopoa akaining'iniza kwenye waya. Pete yenye ufa hutoa mlio mfu. Akavuta pumzi, akaigonga.

Ikaimba, mlio mwembamba, mrefu, ukajaa chumba kizima.

"Allahu akbar!" mjomba akaruka kama mtoto. "Mpishi, nifunze mapishi!"

Mola awabariki mafundi waliobaki na nyundo mkononi.