Uzi wa Buluu

“Basi mwambie wewe, kama una ubavu!”

“Nitamwambia leo hii,” Verna alijibu. “Nimechoka kufumua.”

Verna na Lorene waligombana kwa kunong’ona kando ya birika la kahawa, katika chumba cha chini ya kanisa. Nje theluji ilikuwa imefunika mashamba yote ya ngano. Upande wa pili wa chumba, Bibi Agatha, mwenye miaka tisini na mmoja, alikuwa ameinamia blanketi la viraka, akishona kwa uzi mweupe. Masikio yake hayakuwa ya kunasa minong’ono.

Kila Jumanne, Agatha akishaondoka, Verna alibaki akifumua alichoshona bibi na kukishona upya. Mablanketi yalikwenda kwa wakimbizi.

“Mishono kama meno ya reki! Mtu akijifunika, kidole cha mguu kinanasa. Mungu hapewi makombo, Lorene.”

“Mungu anaangalia moyo, dada. Mumewe amezikwa, kwaya ameacha, mahubiri hayasikii. Ana hiyo sindano tu ya kumtumikia Mungu. Ukimnyang’anya, anabaki na nini?”

“Anabaki na ukweli. Ningekuwa mimi, ningetaka niambiwe.” Verna alifuta miwani kwa aproni, akaivaa, akaifuta tena. “Hebu nitungie uzi wangu wa buluu. Tundu za sindano za siku hizi!”

Lorene akautunga mara moja.

“Angalia kazi yangu ya wiki jana,” Verna aliendelea. “Imenyooka kama tuta la shamba.”

Lorene aliangalia kahawa.

“Tulikuwa ishirini, dada. Tumebaki watatu.”

“Wawili wanaojua kushona wanatosha. Na Jumatano bibi huwa anafuata nini humu?”

“Tunaomba,” Lorene alisema upesi. “Mimi na yeye.”

“Aendelee kuomba, basi. Kuomba hakutaki macho.”

Verna akavuka chumba kabla Lorene hajamshika mkono; Lorene akamfuata.

“Bibi Agatha!” alisema kwa sauti ya kumfikia. “Mishono yako haifai tena. Tangu mavuno naifumua yote ukishaondoka. Weka sindano.”

Bibi hakulia. Alivua kastabini kidoleni, akachomeka sindano kwenye kifuko chake, akakisukuma mbele ya Verna.

“Ungeniambia mapema, mwanangu,” alisema. “Ningekushukuru.”

Kisha akafungua mkoba wake, akatoa mkasi mdogo wa kufumulia. Vipande vya uzi wa buluu vilikuwa vimenasa kwenye makali. Akauweka mkononi mwa Lorene.

“Jumatano utafumua mishono ya Verna peke yako.”