Pingamizi la Hina

Siku tisa zilikuwa zimepita tangu Bi Mwantumu anyimwe kibali cha ukaazi, na utaratibu mpya uliruhusu rufaa ndani ya siku saba tu. Hata hivyo aliipeleka barua yake ya rufaa dirishani kwa karani.

"Nimechelewa, mwanangu?"

"Hujachelewa, mama. Watu wameupinga utaratibu ule mpya, umeondolewa. Ni siku thelathini kama zamani." Karani akamwonyesha karatasi ya pingamizi iliyotoka mtaani kwake, imejaa alama nyekundu za dole gumba. "Huko kwenu hakuna wino?"

"Tulikuwa arusini, baba. Tukachovya kwenye hina ya bibi arusi."

"Mkubwa wetu hapa alicheka wee, akazipokea alama zote."

"Alhamdulillahi."

Karani akaigonga muhuri barua ya rufaa, akamrudishia nakala. Bi Mwantumu hakuikunja. Aliibeba kwa viganja viwili, kama abebaye maji, akatoka nayo juani.