Gundu la Brooklyn Center

Theluji ilikuwa imekoma tangu Ijumaa, na njia ya gari ya Ambakisye ilikuwa safi kiasi cha kuanikia mpunga. Hata hivyo, Jumamosi hiyo asubuhi alikuwa akiikwangua kwa koleo kwa mara ya tatu.

"Mzee, leo wanacheza ama?" aliita Muriuki, jirani yake Mkenya, akishuka garini na sare za hospitali baada ya zamu ya usiku. Mtaa mzima ulishajua: ukimwona Mtanzania huyu anapiga koleo saruji tupu, basi Twiga Stars wako uwanjani.

"Wanacheza. Mchujo."

"Si uingie kwangu u-watch? Mimi naenda tu ku-sleep."

"Ahsante, jirani. Tatizo si nyumba. Tatizo ni macho."

Ambakisye alijijua. Alikuwa mtaalamu wa takwimu, mtu wa shahada mbili, na mzee wa kanisa aliyewahi kusimama mimbarini akakemea hirizi mpaka jasho likamtoka. Alijua fika kwamba macho ya mtu aliyeko Minnesota hayawezi kusukuma mpira ulioko Dar es Salaam. Lakini takwimu zake mwenyewe zilimsuta. Mwaka 2010, timu ya taifa ya wanawake ilipofika fainali za Afrika kwa mara ya kwanza, alitazama mechi zote tatu. Wakafungwa zote tatu. Ikachukua miaka kumi na mitano kurudi, naye alikuwa akitazama mchujo baada ya mchujo bila kuchoka. Waliporudi, kule Morocco, aliwatazama na Mali wakafungwa, akawatazama na Ghana wakapigwa nne. Sare moja waliyoambulia, ile na Afrika Kusini, yeye alikuwa kwenye kikao kazini.

Lisemwalo lipo. Marafiki waliokuja kwake kutazama mpira wakaanza kumwita Gundu, na yeye akacheka kuwashinda wote. Alijitania hata kanisani. Ila mwaka huu utani ulikuwa umegeuka sheria.

"Leo hutazami," mkewe Tumpe alimwambia alfajiri, akimkabidhi koleo. "Na usinikasirikie mimi. Amri imetoka juu, na haina rufaa."

Akatoka. Katika maisha yake yote ya ushabiki hakuwahi kutamani mechi kama alivyoitamani hii, na ndiyo hiyo aliyofungiwa nje. Ilimuuma, na baridi ilimuuma pia, kwa hiyo akakwangua.

Elinaja, mwenzake Tumpe wa kwaya, alimhurumia. Alifungua dirisha la sebule upenyo wa kidole, akawa mtangazaji.

"Mzee Amba! Wametufunga moja!"

Ndani, Geofrey, mmoja wa marafiki waliojaa sebuleni, alisikika akifoka kwamba yule golikipa mpya amesimama kama nguzo ya umeme. Kisha Geofrey huyohuyo akasikika akimwomba Tumpe radhi, tena na tena, kwa sauti ya mtu anayehofia kunyimwa chai.

Nguzo ya umeme, Ambakisye alinung'unika. Ungedaka wewe, Geofrey, na hilo tumbo.

"Tumesawazisha!" Elinaja alipiga kelele dakika za mwisho. "Tunakwenda kwenye penalti!"

Ambakisye akaenda kuegemea mlango wa gereji, ule wenye mabonyeo ya kupigwa mipira, ambayo kila mwaka fundi hutaka kuyanyoosha na kila mwaka yeye hukataa. Akamwomba Mungu amsamehe kwa kuamini gundu, halafu akamwomba gundu lenyewe lilale.

"Tumepata zote!" aliita Elinaja. "Wamebaki na moja. Akidaka hii, tumepita!"

Kisha Elinaja akanyamaza. Mwanamke aliyeweza kuongea katikati ya sala, akanyamaza.

Hapo ndipo Ambakisye aliposhindwa. Alitupa koleo, akakanyaga kwenye bustani ambako theluji ilimfika magotini, akabandika uso kwenye kioo cha dirisha. Juu ya kipara cha Geofrey aliiona runinga. Golikipa aligonga mwamba wa kushoto, kisha wa kulia, kama anayebisha hodi. Fumba macho, mpumbavu wewe, Ambakisye alijiambia. Taifa zima litalia kwa sababu yako. Macho yakakataa kufumba.

Mpigaji akakimbia. Golikipa akaruka kushoto, akajinyoosha mpaka mwisho, na mpira ukagusa ncha za vidole vyake, ukagonga mwamba, ukatoka nje.

Nyumba ikalipuka kwa vigelegele. Ambakisye alirudi mbio, akateleza, akaanguka, akainuka, akaokota koleo. Walipotoka kumpa habari walimkuta akikwangua saruji kwa bidii kubwa.

"Tumepita!" Geofrey alimkumbatia. "Umeona faida ya kukaa nje, Gundu?"

"Kumbe!" alisema Ambakisye. "Imekuwaje?"

Tumpe, machozi yakimtiririka, aliitazama suruali ya mumewe iliyolowa theluji hadi magotini, kisha akazitazama nyayo zilizokwenda dirishani. Alifungua mdomo kusema. Simu yake ikaita. Aliipokea, akapiga kigelegele kimoja, akamkabidhi mumewe.

Kwenye kioo cha simu, katikati ya chumba cha wachezaji kilichojaa nyimbo, golikipa alikuwa akihema, glavu bado mikononi.

"Dad," alisema, "niapie kwamba hukuangalia."

"Theluji, mwanangu," alisema Ambakisye. "Nilikuwa na theluji tu."