Daftari la Barabara

Gideoni alicheka mpaka akashika kaunta ya Kamrudin asianguke.

"Tajiri, njoo uone mabwege hawa!"

Mbele yake lilikuwa daftari la barabara, limefungwa kwa kamba dukani hapo Mafinga. Kila dereva aliyesimama kujaza dizeli aliandika alichokiona njiani: tope, mti ulioanguka, mto uliofurika. Aliyeona kosa la mwenzake alilikata, akaandika lililo sahihi. Daftari halikuwa na msimamizi yeyote, na hilo ndilo lililomkera Gideoni. Aliacha shule darasa la tatu, yeye na mwalimu walipochoshana. Kitabu kilichoandikwa na watu kama yeye, alisema, hakifai hata kufungia karanga.

Basi Jumatatu, akitokea Usangu na lori lenye magunia ya mpunga yaliyopita bodi, aliamua kulijaribu. Daraja la mbao la Kinyika alilivuka akipiga mluzi. Alipofika dukani akaandika: "Daraja la Kinyika limekatika. Piteni njia ya juu." Akatia sahihi: Dereva Mzoefu.

Leo, Ijumaa, chini ya uongo wake palikuwa na haya:

"Kweli. Budeba."

"Kweli tupu. Nimerudi na ng'ombe wangu. Seni."

"Hata baiskeli haipiti. Jailos."

"Watatu!" Gideoni alifuta machozi. "Hakuna hata mmoja aliyefika huko. Wanaitikia tu, kama kwaya."

"Budeba haandiki asichokiona," alisema Kamrudin. "Pita njia ya juu, Bwana Gideoni."

"Njia ya juu nitafika kesho jioni, tajiri! Binti yangu Tekla anafunga ndoa kesho asubuhi, Mwanjelwa, na kitanda chake ndicho hicho garini. Mama yake kaniambia nikichelewa nacho, nikilalie mwenyewe, nje, ninyeshewe na mvua."

"Una hakika gani kwamba huo ni uongo?"

"Si nimeuandika mimi!"

Kamrudin hakucheka. Gideoni alimwonea huruma, akawasha gari.

Njiani alikuwa na raha. Alipanga namna atakavyowasimulia wakwe harusini, atakavyoiga sauti ya Budeba, mahali atakapotua ili wacheke. Akajiona mtu mwenye akili kupita madereva wote wa nyanda hizi, na kwa mtu wa darasa la tatu hilo halikuwa jambo dogo.

Saa nane mchana, Kinyika, alikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Mbele ya bampa palikuwa na hewa, na chini ya hewa, maji.

Msimamizi wa mafundi waliokuwa wakijenga daraja upya, Maganga, aliweka shoka chini akaja mpaka dirishani. "Ndugu, hukusoma daftari?"

"Limekatika lini?" Gideoni aliuliza, akizima injini.

"Jumatatu. Lilipita lori la mpunga, limeshiba kama chatu. Tairi za nyuma zilipogusa nchi kavu tu, daraja lote likaenda na maji. Tukapiga kelele, dereva hata hakugeuka."

Gideoni alitazama usukani.

"Tulimtukana, ndugu yangu, siku nzima. Kumbe muungwana! Alipofika Mafinga tu, kabla hata ya kunywa chai, aliandika kuwaonya wenzake." Maganga aliegemea mlango. "Dereva Mzoefu, humfahamu? Watu wa hapa wamemtengea jogoo."