Paa Chini ya Kijani

Shomvi alikuza picha ya setilaiti mpaka kilima kikajaa kwenye kompyuta. Bi Ndekwa aliinama kutafuta nyumba yake, akaona kijani tu.

"Mimi niko wapi hapo, baba?"

"Papo hapo, mama. Miti imefunika paa."

"Basi andika kuna mtu. Jana si ulikula fenesi langu ukalamba na vidole?"

Shomvi alicheka kidogo. Nyumba alikuwa ameiona kwa macho yake, na kaburi la mume wa Bi Ndekwa pia. Lakini ofisi yake ya ramani ilifuata picha: penye kijani ni hifadhi, na anayeishi humo anahamishwa.

"Jumatatu inakuja picha nyingine. Ndiyo ya mwisho."

"Paa likionekana, nabaki?"

"Unabaki."

"Na iliki yangu? Bila kivuli inakufa."

"Ramani haiulizi iliki, mama."

Bi Ndekwa alijifunga kanga kiunoni, akaondoka bila kuaga.

Jumatatu Shomvi alifungua picha mpya. Katikati ya kijani, paa la Bi Ndekwa liling'aa juani, miti iliyolifunika imekatwa. Alipotaka kulitia alama aliona paa la jirani, kisha jingine, na mengine yakiteremka kilima chote hadi mtoni.