Chai ya Baada ya Kengele

Kila jioni kengele ya kutoka ilipolia, Bi Nyamizi, msimamizi wa kiwanda cha sare, aliwamiminia mafundi chai akaenda zake, nao wakaendelea kushona. Saa za ziada sheria inataka zilipwe, nazo hazikulipwa. Chai ni ukarimu tu, alijiambia.

Leo alichelewa kutoka; saa nzima baada ya kengele, mkaguzi wa kazi alimkuta mlangoni. "Mbona hawa bado wapo?"

Bi Nyamizi akarudi ndani, akashika birika.

Mwanne, fundi mkongwe, akasimamisha cherehani, akainua kikombe. "Tunakunywa chai ya dada yetu, bwana. Tukimaliza tunakwenda."

Mkaguzi akaaga. Bi Nyamizi, uso chini, akapita na birika kuwaongezea. Vikombe vyote vilikuwa vimejaa pomoni, chai imepoa na kufanya utando, nyuzi za sare zimenasa juu yake.

Cherehani zikaanza tena. Akabaki na birika lake mkononi, hana pa kumimina.