Saa Moja ya Zilipendwa

Nunu aliburuta meza, akaisukumiza mpaka mlangoni mwa studio, kisha akawasha maikrofoni.

"Wasikilizaji wa Bagamoyo na vitongoji vyake, kipindi chenu cha zilipendwa kina miaka thelathini na mbili hewani. Leo kuna mtu anataka kukizika. Thubutu! Sitoki humu."

Mtu mwenyewe alikuwa Msabaha, na alikuwa nje anagonga mlango kwa viganja vyote viwili.

"Fungua! Dunia imekwenda mbele, watu wanataka singeli, muziki wa kasi. Nani siku hizi anasikiliza hayo magitaa ya kale?"

"Mimi!"

"Na nani mwingine?"

 Swali lilimchoma Nunu. Mkurugenzi wa redio, kwa kuchoshwa na ugomvi wao, alikuwa ametoa saa moja tu: simu za wasikilizaji zikifika kumi, zilipendwa zibaki. Zisipofika, singeli.

Akaweka wimbo wenye tarumbeta mbili na gitaa la solo. Aliujua wote, hata pale mwimbaji anapochelewa kuingia. Simu kimya. Akaweka wa pili. Kimya. Jasho likamtoka.

"Ee Mola, wamelala hawa?"

"Si nilikwambia!" Msabaha akapaza sauti kule nje.

"Sifungui, na nitaupiga wa tatu!"

Wa tatu haujafika katikati, simu ikalia. Dereva wa lori, amesimama kando ya barabara Lugoba, anataka urudiwe. Mara fundi cherehani wa Zinga. Mara mwingine, na mwingine, mpaka Nunu akawa anapokea simu moja huku nyingine inasubiri. Ya kumi ilikuwa ya Bi Kuruthumu, mkulima wa Kiwangwa.

"Mwanangu, vibarua wangu wameacha mananasi wanacheza! Ukifungua mlango huo, sina radhi nawe."

Nunu akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Zimetimia kumi! Zilipendwa haziendi popote, mmenisikia?"

 Akaiondoa meza, akafungua, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba," akajibu kwa kununa Mzee Msabaha, aliyekianzisha kipindi kile miaka kumi kabla Nunu hajazaliwa. "Miaka thelathini na mbili napiga nyimbo zilezile, mjukuu wangu. Hata singeli moja tu unaninyima?"